Tamasha Letu Dogo Limeanza Kujaa, na Kura Imebaki Kwangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nimeolewa na Mmarekani na tunaishi mashambani huko Ohio. Nyumbani kwetu kumeingia mzozo ambao mtu wa nje anaweza kuuona mdogo, lakini mimi umeninyima usingizi, na kila ninayemweleza huku tayari ana upande wake.

Mama mkwe wangu na majirani zake walianzisha tamasha la Renaisansi miaka mingi kabla sijafika huku. Kwa wasomaji wako wasiolijua jambo hili, ni gulio la wazi ambapo watu huvaa na kuigiza maisha ya Uingereza ya karne ya 16, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza. Mhunzi anafua chuma mbele ya watoto, wapiga zumari wanazunguka, wapanda farasi wanapambana kwa mikuki, na watu wanatembea wakitafuna paja zima la bata mzinga. Marekani kuna matamasha makubwa ya aina hii, yenye majengo ya kudumu na waigizaji wanaolipwa. Letu hufanyika kwenye shamba la ami yake mume wangu, wikendi mbili za Septemba, na karibu kila anayefanya kazi pale anajitolea. Mama mkwe ndiye Malkia.

Nilipokuja huku sikuwa na mtu. Mama mkwe alinishonea gauni, akanifunga kamba za mgongoni kwa mikono yake, akanikalisha langoni kwa sababu, alivyosema, mimi najua kukaribisha wageni. Hapo ndipo nilipojulikana na watu wa eneo hili. Wengine mpaka leo hunitambua upesi nikiwa na lile gauni la kijani kuliko tukikutana dukani. Baadaye nilichaguliwa kuwa mweka hazina wa kamati.

Kwa miaka tulikuwa tukiomba watu waje. Mvua ikinyesha Jumamosi, jioni tulibaki na mikate na nyama tusiyojua pa kuipeleka. Halafu mwaka juzi mtu akamrekodi mama mkwe barazani pake akisikiliza kesi ya mvulana mdogo ambaye kuku wake alikuwa ameliwa na mbweha. Malkia aliita mashahidi, akauliza jina la kuku, akauliza alikuwa akitaga mayai mangapi, kisha akatoa amri mbweha yule afukuzwe katika ufalme wote. Mtoto akainama, akashukuru, akaondoka ameridhika. Video ile ilisambaa kwenye simu za watu wasiotujua kabisa.

Mwaka jana, Jumamosi ya kwanza, magari yalipanga foleni mpaka barabara kuu, askari wa kaunti wakaja. Chakula kiliisha kabla ya saa saba. Vyoo tulivyokodi havikutosha. Mzee wetu mmoja, mpiga tarumbeta, alizimia kwa joto, na gari la wagonjwa lilichelewa kumfikia kwa sababu njia ilikuwa imeziba. Alipona, alhamdulillahi. Mimi ndiye niliyekuwa langoni nikiwaambia akina mama waliotoka mbali na watoto wao kwamba hatuwezi tena kuingiza mtu.

Mume wangu anasema bahati imebisha hodi. Anataka tuhamie uwanja wa maonyesho wa kaunti, wikendi nne, tuajiri wapanda farasi wa kulipwa, tupandishe bei ya tiketi. Ameuandika mpango wote, amechora mpaka mahali pa kila kibanda. Huufanyia kazi asubuhi akirudi kutoka zamu ya usiku kule ghalani, saa ambazo alipaswa kulala. Mama mkwe anataka tubaki shambani, wikendi zetu mbili, tuuze tiketi kwa idadi maalumu, zikiisha zimeisha. Anasema siku atakayoshindwa kumsikiliza kila mtoto anayepanga foleni barazani, hiyo haitakuwa kazi yake tena.

Vitabu vya hesabu ninavyo mimi. Bima imepanda, kukodi vyoo kumepanda, na tukipatwa na mvua wikendi moja tu, hatutakuwa na pesa za kuanzia mwaka unaofuata. Kwa hiyo mama anaposema tubaki tulivyo, najua hatuwezi. Na mume wangu anaponionyesha hesabu zake, naona amepiga za siku za jua peke yake.

Kamati tuko saba. Watatu wako huku, watatu kule. Tunapiga kura mwisho wa mwezi ujao.

Liko na jingine. Wikendi ya tatu katika mpango wa mume wangu inaitwa ya Pwani ya Afrika. Nia ni kuwavuta watu ambao hawajawahi kuliona tamasha hili kuwa lao, wakiwemo Waafrika wengi wanaoishi Columbus, mji mkuu wa jimbo letu. Picha yangu iwe kwenye tangazo nikiwa nimevaa kanga, kuwe na ngoma na vyakula vya kwetu. Pande zote mbili za kamati zimelipenda wazo hili, na hakuna aliyeniuliza kabla ya kuliandika. Moyo wangu mmoja unafurahi, ningependa sana kukaanga mahamri pale na kuhadithia habari za kwetu. Moyo mwingine unakataa. Miaka yote hii langoni nimeulizwa kama enzi hizo walikuwapo watu kama mimi. Wengine huuliza kwa kutaka kujua, wengine huuliza ili nijione sistahili kuwa pale. Sitaki kuwekwa kama kitu cha kutazamwa. Na kaka yangu Mombasa alipoona picha yangu na gauni, aliniuliza ninavaaje nguo za enzi za watu waliouchoma mji wetu. Tangu siku hiyo maongezi yetu yamekuwa mafupi.

Nikipiga kura na mume wangu, nitamuumiza mama aliyenipokea. Nikipiga na mama, mume wangu ataona nimemwangusha katika jambo pekee linalomchangamsha siku hizi. Nifanyeje, Shangazi?

Wa Langoni, Ohio

* * *

Marahaba, mwanangu, Wa Langoni.

Nimeisoma barua yako taratibu, na jambo la kwanza nililoliona ni jinsi unavyowapenda watu hawa wote. Ungekuwa humpendi mmoja wao, kura ingekuwa nyepesi. Umeomba nikuambie upande wa kuelekea. Hilo siwezi kukufanyia, kwa sababu wewe ndiwe utakayekaa meza moja nao kura ikishapita. Ninaloweza ni kukaa nawe tuyatenganishe mambo yaliyofungwa pamoja, maana naona yapo ambayo hayalazimiki kwenda pamoja.

Unaliona suala hili kama mvutano kati ya mume anayetaka tamasha likue na mama anayetaka libaki dogo, nawe katikati. Hebu niulize. Huo wingi wa watu mnaougombania ni wa siku gani, na wa saa ngapi? Umenieleza vizuri sana Jumamosi ya kwanza. Jumapili hukuitaja kabisa. Wewe ndiwe mkaa langoni, unajua Jumapili alasiri palikuwaje. Ikiwa siku hiyo bado palikuwa na nafasi ya kutandika mkeka, basi mlichopata mwaka jana ni msongamano wa saa chache, na msongamano una dawa nyingine kabla hamjafika kwenye kuhama. Matamasha mengi huuza tiketi mapema kwa kila siku, ya Jumapili ikiwa rahisi kidogo, ili watu wajigawanye wenyewe. Septemba huko kwenu Jumamosi ni siku za mpira wa Kimarekani, na timu ya chuo kikuu cha Columbus ikicheza nyumbani sehemu kubwa ya jimbo haina habari na kitu kingine. Chukua vitabu vyako uvilinganishe na ratiba ya mpira. Huenda ukaona kitu ambacho kamati haijakiona.

Lakini tiketi za mapema zina hatari yake, na ni wewe utakayeiona kwanza. Jirani wa shamba la pili huamua asubuhi hiyohiyo, baada ya kutazama mbingu. Ndiye aliyekuwa akija hata miaka mliyobaki na mikate. Tiketi zote zikiuzwa kwenye intaneti wiki tatu kabla, atakuja langoni pako na utamwambia maneno yaleyale uliyowaambia wale akina mama. Zipo kamati zinazotenga sehemu ya tiketi kwa ajili ya kuuzwa mlangoni. Inasaidia, ila nayo hurudisha foleni barabarani.

Sasa tuutazame mpango wa mumeo kwa haki yake. Kwenye jambo moja ana hoja nzito. Kilichowashinda mwaka jana hakikuwa ukubwa wa shamba. Ni njia ya kuingilia, vyoo, jiko na kivuli. Kwetu pwani mwenye arusi haaliki mtaa mzima kabla ya kujua sufuria ngapi zimeazimwa. Uwanja wa maonyesho wa kaunti una vyoo vya kujengwa, maji ya bomba, maegesho na zaidi ya mlango mmoja. Ukitazama lile la mzee wenu aliyezimia, hayo si mambo ya anasa. Na hapa, mwanangu, niruhusu niseme kwa uzito. Upande wowote utakaoshinda, njia ya gari la wagonjwa, maji, kivuli na saa za kupumzika kwa wazee waliovaa manguo mazito visingojee kura. Hayo mnaweza kukubaliana leo, wote saba.

Wasiwasi wangu kwenye mpango wake ni uleule uliouona wewe, mvua. Shambani mkinyeshewa mnapoteza mapato. Uwanjani mkinyeshewa mnapoteza mapato na kodi mnadaiwa, na mpanda farasi wa kulipwa anadai chake kwa kuwa alikuja. Halafu yupo mama anayeamka alfajiri kukanda unga bila malipo. Mwaka wa kwanza atakaa karibu na kijana anayelipwa kwa kupanda farasi na hatasema kitu. Mwaka wa pili atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza. Wikendi nne zinahitaji watu mara mbili ya mlionao, au watu walewale wachoke mara mbili. Je, mumeo amewauliza wao? Sijaliona hilo kwenye barua yako.

Kuna na lile tamasha kubwa la Ohio, karibu na Waynesville, ambalo lipo tangu 1990 na huendelea wikendi baada ya wikendi mpaka Oktoba. Anayetaka vijumba vya kudumu na maonyesho ya kulipwa tayari anapo pa kwenda. Mkiwa uwanjani na wapanda farasi wa kukodi, watu watawalinganisha nalo, na katika hilo hamtaliweza. Nikiitazama ile video iliyowaletea watu, naona mwanamke mmoja aliyekuwa na muda wa kumwuliza mtoto jina la kuku wake. Mume wako na kamati yake wajiulize, katika mpango ule mpya, mtoto huyo atapata dakika zake wapi?

Usidhani kwa hayo kwamba nimehamia kwa mama. Mpango wake pia una mashimo, nawe unayajua kwa tarakimu. Kupunguza tiketi huku bima ikipanda maana yake ni bei kupanda, na bei ikipanda, tamasha la majirani linageuka kuwa la wenye uwezo, huku likiitwa bado la majirani. Kuna na jambo ambalo katika barua yako halikusemwa na yeyote. Kila kitu kimekaa juu ya subira ya mwanamke mmoja ambaye umri unaenda. Umeyachukua maneno yake, kwamba akishindwa kumsikiliza kila mtoto hiyo si kazi yake tena, kuwa ni kukataa watu. Inawezekana. Mimi nimesikia pia mtu anayeeleza kazi yake kwa usahihi, na pengine mtu anayejiuliza nani ataishika. Umewahi kumwuliza anataka nani akae kwenye kile kiti baada yake? Labda angekubali baraza la pili, la mwanamfalme au la jaji, likisikiliza watoto upande wa pili wa shamba. Labda swali lenyewe litamwuma. Sijui, simjui mama mkwe wako. Wewe unamjua.

Nikuambie habari ya mwanzo wa mambo haya, kwa sababu naona kamati yenu imeanza kuamini kwamba udogo na upendo ni kitu kimoja. Tamasha la kwanza la aina hii Marekani lilifanyika Los Angeles, Mei 1963. Mwalimu mmoja, Phyllis Patterson, aliyekuwa akifundisha watoto maigizo nyumbani kwake, alilianzisha na mumewe Ron ili kuchangia fedha kituo cha redio cha KPFK. Wikendi ile ya kwanza walikuja maelfu ya watu. Lilikuwa kubwa tangu siku ya kuzaliwa, na bado lilikuwa kazi ya mwalimu na watoto wake. Ukubwa haukulifanya kuwa geni kwao kwa sababu walijua wanalifanya kwa ajili ya nani.

Mwalimu yule ananikumbusha njia nyingine ambayo haimo katika mpango wa mtu yeyote kwenu. Baadhi ya matamasha hufungua Ijumaa moja kwa ajili ya shule tu. Shule huweka nafasi na kulipa mapema, mabasi huja machache kuliko magari ya familia, na Malkia hupata watoto wake bila foleni ya watu wazima. Kwenu ingeweza kuleta fedha ambazo hazitegemei sana mbingu. Ugumu wake ni kwamba watu wa kujitolea siku ya Ijumaa wako kazini, na shule zina masharti yake mengi. Kama kijijini kwenu kuna walimu wastaafu wanaokipenda kitu hiki, ndipo pa kuanzia kuuliza.

Nirudi kwa mumeo. Ulitaja zamu ya usiku ghalani kwa sentensi moja ukapita. Mimi nilisimama hapo. Mtu anayeacha usingizi wake ili achore mahali pa vibanda anatafuta kitu. Ni tamasha kubwa anataka, au ni njia ya kutoka ghalani? Kama ni hilo la pili, basi mpango ule unabebeshwa mzigo wa mshahara wa mtu, na hesabu zake lazima zioneshe kama unaubeba. Isitoshe, ukipiga kura ya kukataa uwanja, yeye atasikia umekataa atoke kule. Mnaweza kuwa mnabishana juu ya kodi ya uwanja na kumbe linalomuuma ni jingine. Mwulize akiwa amelala vizuri, mkiwa wawili, na usimwulize njiani kwenda kwenye mkutano.

Sasa lako wewe. Limewekwa mwisho wa barua, ila kwangu si dogo.

Picha yako imepangiwa tangazo bila wewe kuulizwa. Waliolipenda wazo hilo huenda wamefanya kwa mapenzi, naamini hivyo. Hata hivyo una haki ya kusema kwamba bado hujakubali, na kulisema hilo hakukuweki upande wa mtu yeyote katika kura. Litenge kabisa na suala la uwanja. Wikendi ya Pwani ya Afrika inaweza kufanyika shambani, na uwanjani mnaweza kwenda bila hiyo wikendi.

Ukiamua kuifanya, iwe yako. Kanga imeanza kuvaliwa pwani karne ya 19, kwa hiyo katika tamasha la karne ya 16 hata haina mahali pake. Hilo peke yake linaonesha wanahitaji wewe uwafundishe kabla ya kuchapisha chochote. Nao wana mengi ya kujifunza. Ngome ya Yesu, uliyokulia karibu nayo, ilijengwa kati ya 1593 na 1596, Elizabeth akiwa kwenye kiti chake, na mchoro wake ulitoka kwa Mwitalia, Giovanni Battista Cairati, aliyeuchora kwa kufuata vipimo vya mwili wa binadamu kama walivyopenda wasanifu wa Renaisansi. Una haki ya kuizungumza enzi hiyo kuliko watu wengi wa Ohio. Mwishoni mwa 1591 meli ya Kiingereza Edward Bonaventure, nahodha wake James Lancaster, ilitia nanga Zanzibar ikakaa mpaka mwanzoni mwa 1592. Na mwaka 1600 balozi wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, Mwislamu na Mwafrika, alifika London akapokewa na Malkia huyohuyo, akachorwa picha ambayo ipo mpaka leo. Fikiria wewe unaingia barazani kama mjumbe wa kutoka pwani, umevaa ulichochagua mwenyewe, na mama mkwe wako anasimama kukupokea. Mtu akija kukuangalia hapo, atakuangalia ukiwa una maneno yako ya kusema.

Na wale wanaokuuliza langoni kama walikuwapo watu kama wewe, waambie habari ya John Blanke. Alikuwa mpiga tarumbeta mweusi katika jumba la Henry wa Saba na la mwanawe Henry wa Nane, amechorwa juu ya farasi katika hati ndefu ya mashindano ya mikuki ya Westminster ya 1511. Alimwandikia mfalme kuomba mshahara wake upandishwe kutoka peni 8 kwa siku hadi 16. Ukisimamia wikendi nzima ya vyakula na hadithi, nawe zungumza habari ya malipo, hasa kama wapanda farasi watalipwa.

Hatari zipo hata ukiifanya kwa namna yako. Wakija wachache, mtu atasema wazo la Afrika halikuuza, na utaliona kana kwamba limesemwa juu yako. Wakija wengi, utatarajiwa kulirudia kila mwaka, uwe na nafsi ya kulifanya au huna. Ndugu zetu wa Columbus nao si mapambo ya kujazia hesabu ya lango. Wasomali wa Columbus wana pwani yao na historia yao ya karne hiyo, Mogadishu na Barawa, wangependa kuulizwa mapema, si kualikwa wakati tangazo limeshachapwa. Unaweza pia kuanza na kibanda kimoja cha mahamri na meza ya hadithi, uone nafsi yako inasemaje jioni.

Kuhusu kaka yako, hakusema uongo. Wareno waliichoma Mombasa mwaka 1505, wakarudi 1528, na 1589 tena. Ukimjibu kwamba hao walikuwa Wareno na nyinyi mnaigiza Waingereza, utakuwa sahihi na hamtakaribiana hata hatua moja. Nahisi, na ninaweza kuwa nakosea, kwamba gauni lile lilimfanya ajiulize kama bado wewe ni wao. Mpigie simu umwulize angependa nini kisemwe juu ya Mombasa mbele ya watu wale. Asipotaka kujibu, angalau atajua uliuliza.

Imebaki kura. Mnaifanya iwe ya uwanja au shamba, wikendi nne au mbili. Kamati inaweza kupigia kura kitu kidogo zaidi, kwa mfano msimu mmoja wa kujaribu: tiketi kwa siku, njia ya pili ya magari, labda wikendi ya tatu palepale shambani. Usilichukue hilo kama dawa. Jaribio mara nyingine ni namna ya kuliahirisha jambo, mumeo anaweza kuliona hivyo, na uwanja wa kaunti unaweza kuwa umechukuliwa na wengine mwaka unaofuata. Ukichagua kutopiga kura kabisa, nalo lina bei yake, maana tatu kwa tatu itabaki tatu kwa tatu na bima haitangoja.

Jambo moja lipo ndani ya kazi yako hata kabla ya kura. Wewe ni mweka hazina, na kwa sasa kichwa chako peke yake ndicho kilichobeba hesabu ya mvua. Andika hesabu mbili za kila mpango, ya mwaka wa jua na ya mwaka ulionyeshewa wikendi moja, kwa lugha ambayo hata asiyependa tarakimu ataelewa. Wape wote saba siku moja, wiki mbili kabla ya mkutano, mumeo na mama mkwe wakiwamo, ili asiwepo wa kusema mwingine alionyeshwa kwanza.

Shangazi yako